Tangi la Marehemu Hamoud

Mliniacha kwenye mlango wa jiko la Bi Kaltum, kifuniko cha tangi mkononi, kutu imenijaa viganjani kama pilipili ya kusaga. Wengine mmenisimamisha njiani kuniuliza: mzee, ilikuwaje? Alikukubali ama alikufukuza? Tulieni. Mi mwenyewe nilingoja, tena nilingoja nimesimama.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa dagaa kabla hajalisoma, nasema kwa ufupi.

Kaltum ni mjane wa Hamoud, Mwarabu wa mtaa wetu wa Buyenzi aliyekuwa akiuza vitambaa. Mi, Atumani, nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwake. Niliondoka Kasongo ningali kijana, nikapita Kalemie, Uvira, Kigoma, na miji mingine ambayo sikukaa hata kujua sokoni kwao wanauza nini. Nilimwambia Kaltum nataka kumwoa. Hakucheka. Ingekuwa heri angecheka.

Mdogo wake, Tamim, alikuwa anahama. Vita, na embargo juu yake, yaani majirani kutufungia mipaka na petroli, vilimchosha. Alishapata boti mpaka Kigoma, kutoka pale treni, kutoka kwenye treni ndege ya Maskati. Alitaka dada yake aende naye. Ijumaa, baada ya swala, ndugu wote wangekula pamoja kwa dada yao Nura, kule Kigobe, waagane.

Basi Kaltum akanipa sharti. Likumbukeni, maana leo lote linasimama juu yake.

"Ijumaa nitafika kwa Nura," alisema. "Nikifika na gari ya Tamim, naenda Maskati. Nikifika na moto ya Hamoud, na we ndiye umeiendesha, nabaki Buyenzi na tunaoana."

Moto ya Hamoud ni pikipiki. Ilikuwa imesimama chini ya banda la kuku tangu mwenyewe alipofariki. Embargo ilipoanza, petroli yake ilifyonzwa yote, tangi likabaki tupu. Kuku mmoja alikuwa akitagia kwenye kiti.

"Kwa nini iwe moto?" nilimuuliza.

"Kwa sababu kuondoka unajua, Atumani. Kutengeneza kitu kilichosimama, sijakuona."

Hapo ndipo nilipofungua tangi, na kutu ikanimwagikia. Tuendelee.

*

Honoré alikuwa Mkongomani wa Uvira, fundi wa pikipiki, mwenye kibanda nyuma ya maghala ya Zone Industrielle. Ni mtu wa kanisa sana, na mtu wa matani kupita kanisa.

Nilimpelekea tangi peke yake. Pikipiki niliiachia kuku.

Akachukua kipande cha kioo, akakamata jua nacho, akaliingiza jua ndani ya tangi na kuchungulia kwa jicho moja.

"Mzee, huyu mugonjwa alikufa lini?"

"Mgonjwa gani?"

"Hii rezervwari," akasema, akilipiga tangi kofi.

"Haijafa. Ililala tu."

"Ililala na nani? Mbona imetoka mapele hivi?"

Akaligeuza, akaligonga. Unga mwekundu ukamwagika tena miguuni pake.

"Esanse ikiwa ndani, kutu haipati nafasi," akasema. "Ninyi mulifyonza esanse yote, mukaacha hewa ya ziwa inakaa mule bure. Sasa ukitia esanse leo, hii unga itashuka kwa karbirateri, moto itakohoa kidogo, itakufa. Utaisukuma kama mukokoteni ya mihogo."

"Dawa yake?"

"Kitu kichachu na mawe. Kichachu inalainisha, mawe inakwangua."

"Ndimu?"

"Ndimu ya kujaza hii yote? Na embargo hii? Mzee, ungeposa mwenye shamba la ndimu."

Akaingia kibandani, akatoka na bidoni, dumu la plastiki. Kabla hajaifungua pua yangu ilishajua. Ilikuwa urwarwa, ile pombe ya ndizi, imechacha mpaka inauma macho. Mama mmoja wa kabare, kilabu cha pombe, alikuwa anaimwaga, Honoré akaiokota.

"Honoré, mi ni Mwislamu."

"Si we utakunywa. Ni rezervwari."

"Mwenye tangi alikuwa haji."

"Alienda Maka nayo?"

"Alienda na ndege."

"Basi yeye alihiji, rezervwari ilibaki Buyenzi. Haina shida." Akaanza kumimina. "Tena hii si pombe. Ilishageuka siki."

Nakiri hapa mbele ya wasomaji, na mbele ya shehe wangu kama anasoma gazeti: nilikubali haraka. Ijumaa ilikuwa inakuja, na Tamim alishanunua mabegi.

Akatia na changarawe za mto Ntahangwa, zile ndogo zenye makali, akafunga kifuniko, tukaliacha lilewe. Nilirudi siku ya Jumatano.

"Sasa inatikiswa," akasema. "Siku muzima. Mi siwezi, niko na kazi ya watu."

"Nitalitikisa mi."

"Na hiyo mikono? Saa sita haijafika utakuwa unalia." Akaniangalia toka juu mpaka chini, kama anavyoangalia moto iliyogongwa. "Mzee, mwili wako uko na kitu gani ambayo haichoki?"

Nikafikiri. Nilifikiri kwa uaminifu.

"Miguu," nikasema.

Honoré akapiga makofi. Akachukua kile kitenge ambacho Kaltum alinipa nifungie tangi nisichafuke, akaniinamisha, akaniwekea tangi mgongoni, akazungusha kitenge na kufunga fundo kifuani. Barabara kabisa, kama mama anayekwenda kliniki.

"Tembea, mama," akasema. "Asilale huyo."

*

Nilitembea.

Wasomaji, mi nimetembea na mizigo mingi. Nimebeba chumvi, nimebeba mikeka, nimebeba mashine ya kushona ya mtu aliyekuwa akinifuata nyuma akilia. Lakini sijawahi kubeba kitu chenye sauti kama ile. Kila hatua: kwacha-kwacha, bluu. Kwacha-kwacha, bluu.

Pale Buyenzi wanawake waliokuwa wanachambua mchele waliinua vichwa. Kisha mmoja akasema:

"Yuu! Mzee Atumani kajifungua!"

"Hongera, mzee! Ni wa kike ama wa kiume?"

"Ni wa chuma," nikajibu, nikidhani nitawamaliza.

"Baba yake nani?"

Mwingine akadakia: "Si marehemu Hamoud!"

Walicheka mpaka mchele ukamwagika. Mi nikaongeza mwendo, na tangi likaongeza kelele.

Sasa, miguu yangu ina tabia moja. Ukishaiambia twende, haiulizi wapi. Nilikuwa nimekusudia kuzunguka Buyenzi na kurudi. Nilipokuja kuangalia, nilishavuka Ntahangwa, niko Kigobe, penye majumba ya serikali, penye bariyeri ya askari. Nyuma ya bariyeri niliona geti la kijani la Nura.

"Simama!"

Nilisimama. Tangi halikusimama. Bluu.

Walikuwa askari watatu, bunduki zote zimenigeukia. Mnaweza kucheka sasa. Mwaka ule watu walikuwa wanakufa kwa vitu vidogo kuliko tangi.

"Mutama, nini hiyo mgongoni?" Mutama kwao ni mzee.

"Tangi, afande."

"Tangi ya nini?"

"Ya pikipiki."

"Pikipiki iko wapi?"

"Nyumbani."

Wakaangaliana. "Kwa hiyo tangi inatembea, pikipiki inapumzika?"

"Ndiyo, afande."

"Na ndani inalia nini?"

"Mawe."

Yule aliyekuwa mbele, kijana mrefu mwenye pengo, wenzake wakimwita Aloys, akasogea polepole.

"Mawe na nini?"

Nikaangalia mdomo wa bunduki. Nikaangalia geti la Nura. Nikasema ukweli, maana uongo unahitaji muda.

"Na urwarwa, afande."

Akanifungua fundo, akaweka tangi chini kama anaweka yai, akafungua kifuniko kwa vidole viwili huku uso ameugeuzia pembeni. Harufu ikampata. Uso ukarudi.

"Sha!" aliwaambia wenzake. "Huyu mutama hadanganyi!"

"Afande, ni dawa ya kutu. Ilishageuka siki."

"Ngoja tujue."

Nilimwomba. Nilimwambia habari za mapele, za kuku, za kukohoa kwa karbirateri. Aloys alikuwa anatafuta kitu cha kuchujia. Akachukua kona ya kitenge cha Kaltum, akaikunja mara mbili juu ya mdomo wa tangi, akainamisha, akanywa. Akafumba macho. Akatetemeka kama mtu aliyekanyaga waya wa umeme.

"Ni chungu," akasema.

"Nilikwambia, afande."

"Lakini iko na nguvu."

Akanywa tena. Wenzake nao. Ilikuwa nyekundu kama damu ya chuma, na wao wakaipitisha kooni. Aloys akanirudishia tangi, akanisaidia kulifunga, akanigusa begani.

"Nenda, mutama. Mwambie mtoto asante."

Niliondoka nikiwa hai. Nyuma yangu nilimsikia Aloys anaimba.

*

Honoré alimimina kilichobaki. Kilitoka kizito, rangi ya udongo wa tofali. Akatoa changarawe, akasuuza na maji ya majivu, akakausha tangi mpaka lisiwe na unyevu hata kidogo, akatia mafuta ya injini na kuyazungusha ndani, pembe zote. Kisha akakamata jua na kioo chake, akaniita.

Nilichungulia. Ndani kulikuwa na mwanga kama kwenye sufuria mpya.

"Sasa sikia, mzee. Usitie maji tena. Hata tone moja. Chuma iliyotoka kukwanguliwa ni kama bwana harusi: ikiona maji, haingoji kesho. Ni esanse tu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Hata tone."

Nilirudi Buyenzi nikipiga mluzi. Kaltum alikuwa amekaa uani juu ya kinu kilichopinduliwa, kitenge chake mapajani. Nilikuwa nimempa jirani atangulie nacho. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

"Atumani. Kitenge changu kinanuka nini?"

"Kutu."

"Na nini tena?"

"Jasho langu."

Akakinusa tena, taratibu, kama anayechagua samaki.

"Nimezaliwa Buyenzi," akasema. "Jasho nalijua. Na urwarwa naijua."

"Ilishageuka siki."

"Nani alisema?"

"Honoré."

"Honoré ni shehe?"

"Ni mlokole."

"Haya." Akakunja kitenge, doa jekundu likabaki juu. "Na yule askari? Nura amenitumia habari: alikuwa getini kwake, akakuona bariyerini, kisha akamwona mtu anaimba mchana kweupe na bunduki begani. Siki haiimbishi askari, Atumani."

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatabasamu, na mi tabasamu la Kaltum naliogopa kuliko bariyeri.

"Mi sitapanda juu ya tumbo la pombe kwenda kula na ndugu zangu siku ya Ijumaa. Tia maji. Tia, mwaga, tia, mwaga. Mpaka harufu iishe."

"Honoré amekataza maji."

"Ni Honoré unayemwoa?"

Wasomaji wanaume, nisaidieni. Pale mtu anajibu nini?

Nilitia maji. Nilitia na sabuni. Nilisuuza tangi la haji kama kinavyosuuzwa chombo kilichoguswa na mbwa. Kaltum alikaa palepale juu ya kinu, ananihesabia kwa kidole, na mara moja alisimama kunisogezea ndoo.

"Hamoud alikuwa akiiosha hivi hivi," akasema. "Nje, lakini. Kila Ijumaa."

"Unamkumbuka."

"Yeye aliondoka mara moja tu. We umeondoka mara ngapi?"

Nikasuuza.

"Yule mwanamke wa Kalemie," akaendelea, "ulinisimulia. Alikuuliza kama utabaki. Ulimjibu nini?"

"Nilikubali kwa kichwa."

"Hukusema neno?"

"Sikusema."

"Na ukaondoka."

"Boti ilikuwa inapiga honi, Kaltum."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Siku yangu mi nitataka neno. Kichwa baki nacho."

Tuliliweka tangi juani. Lilipokauka nililichungulia. Sikuwa na kioo cha Honoré. Niliona giza, nikaliita safi.

"Sasa mafuta," nikasema. "Honoré alipaka ya injini, maji yako yameyaondoa. Na mi sina mengine."

Kaltum akaingia jikoni, akatoka na chupa ya mawese.

"Mafuta ni mafuta," akasema.

Na mi, niliyekula mawese tangu Kasongo, niliyepakwa mawese nikiwa mtoto mchanga, nikaona mwanamke huyu ana akili. Nikamimina, nikazungusha, pembe zote.

*

Ijumaa nilitia petroli. Ilikuwa chupa moja, na jinsi nilivyoipata siandiki kwenye gazeti. Ilitosha kwenda Kigobe. Kurudi ningefikiria baadaye.

Nilipiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kuku wakakimbia: moto ya Hamoud imewaka!

Buyenzi ikatoka nje. Wale wanawake wa mchele wakapiga vigelegele.

"Mtoto analia! Mtoto ni mzima!"

Kaltum akatoka na baibui lake jeusi, viatu vipya, na sahani ya maandazi ya kwa Nura imefungwa kwenye kile kitenge chenye doa. Angeweza kuchukua kingine. Alichukua hicho. Akapanda, akakaa upande kama mwanamke wa heshima, akashika shati langu kwa vidole viwili. Vidole viwili tu, lakini mi nilivisikia mpaka visiginoni.

Tukaondoka.

"Atumani!" akanipigia kelele sikioni tulipofika karibu na soko.

"Nini?"

"Kuna mtu anakaanga ndizi!"

"Wapi?"

"Nyuma yetu!"

Niligeuka. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na moshi wetu, mweupe, mnene, unanukia kama jiko la mama mkwe. Watu njiani walikuwa wanasimama na kunusa.

"Ni mawese yako!" nikasema.

"Nasikia njaa!" akasema, na nikasikia anacheka mgongoni mwangu, anacheka kweli, na vile vidole viwili vikawa mkono mzima.

Niliona maisha yangu yote mbele, wasomaji. Niliona chumba chenye pazia. Niliona Ijumaa nyingine na nyingine, mi naosha moto nje, yeye kwenye kinu ananitania. Sijawahi kuona Ijumaa mbili zikifuatana katika mji mmoja bila kutaka kukimbia. Safari hii sikutaka kukimbia. Nilitaka kufika.

Tulivuka mto. Tukaingia Kigobe. Geti la kijani likaonekana. Bariyeri ikaonekana.

Pikipiki ikakohoa.

"Hiyo ni nini?" Kaltum akauliza.

"Inasafisha koo."

Ikakohoa tena, ikaruka mara moja kama mbuzi, ikafa. Tulijivuta kwa kasi iliyobaki mpaka tukasimama mbele ya bariyeri kabisa, pua ya moto ikigusa mti uliolazwa barabarani. Kutoka pale mpaka kwa Nura ungeweza kurusha andazi likafika.

Aloys alikuwa kazini. Akatupa mikono juu.

"Mama wa mtoto wa chuma! Sha, amekua!"

Nilishuka. Nilijua kabla sijaangalia. Nikachomoa mpira unaoshusha petroli. Mdomoni mwake kulikuwa na uji: kutu changa, nyekundu, imekorogeka na mawese. Hata tone, alisema Honoré. Mi nilitia ndoo.

"Inatengenezeka?" Kaltum akauliza. Sauti ilikuwa ya kawaida, lakini hakuwa ameshuka. Alibaki amekaa juu ya moto iliyosimama, sahani mapajani, kama mtu anayeamini kiti chake.

"Sasa hivi," nikasema. "Nafyonza tu, uchafu unatoka, tunaingia."

Nikapiga magoti. Nikaweka mpira mdomoni. Nikafyonza. Hewa. Nikafyonza tena. Hewa na kutu. Nikatema, nikajifuta, nikaweka tena.

Nikasikia gari.

Sikuhitaji kugeuka. Mwaka ule wa embargo magari yenye petroli yalikuwa machache, na lile lilikuwa linalia kwa raha. Mlango ukafunguliwa. Kanzu nyeupe ikasimama kando yangu, na juu yake alikuwa Tamim, ametoka msikitini, ananukia udi.

"Salaam alaykum, dada."

"Wa alaykum salaam, Tamim."

"Umefika, ama bado hujafika?"

"Bado kidogo," Kaltum akasema.

Aloys, ambaye moyo wake ni mwema na akili yake haina breki, akaja na tabasamu lenye pengo. "Boss, unamjua huyu mutama? Mutu muzuri sana! Mutama, leo umetuletea ingine?"

"Ingine nini?" Tamim akauliza.

"Urwarwa! Siku ile alitunywesha sisi wote, hapa hapa. Alikuwa nayo mgongoni."

Nilifyonza kwa nguvu. Laiti ningefyonzwa mi niingie kwenye tangi.

Tamim hakupaza sauti. Angepaza ningemjibu. "Dada," akasema taratibu, "umesikia mtu wako anabeba nini mgongoni?"

"Nimesikia kabla yako. Nimelala na hiyo habari, nimeamka nayo."

"Na bado umepanda?"

"Si unaniona juu?"

Tamim akashusha pumzi. Na hapa nitamtendea haki, maana wiki zilizopita nilimsema vibaya. Alichuchumaa mbele ya dada yake, kanzu ikagusa vumbi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaltum. Jumapili boti inaondoka. Mi siwezi kukuacha katika vita na mtu ambaye hajawahi kukaa mahali. Huyu akiondoka, na ataondoka, nitakutoa vipi hapa, mi niko Maskati? Ingia garini. Ni hapo tu. Ingia, tule, twende."

Akaenda akafungua mlango wa gari, akausimamia.

Kaltum akashuka kwenye moto, akaangalia gari, kisha akaangalia geti la kijani. Mwishowe akaniangalia mi, niliyekuwa chini, magoti kwenye vumbi, mpira mdomoni.

"Atumani," akasema. "Tamim amesema kweli. Nami nilikwambia siku yangu nitataka neno. Siku yenyewe ndiyo hii. Moto imefika, haijafika, sijui. Hilo nakusamehe, mawese ni yangu. Lakini sema, mbele ya mdogo wangu, kwa mdomo wako. Utabaki?"

Saa ile ile, uchafu ukaachia.

Petroli yote iliyokuwa imezuiliwa ilikuja kwa pamoja. Ikanijaa mdomo, mashavu, ikapanda puani. Nilibana mpira kwa kidole. Nilibana midomo. Macho yakatoka machozi.

Nikakubali kwa kichwa. Nikakubali tena, kwa nguvu, mpaka shingo ikalia.

"Hapana," Kaltum akasema, na safari hii hakutabasamu. "Hivyo ulimjibu yule wa Kalemie."

Kumeza siwezi. Nikaangalia pa kutemea. Upande huu kanzu ya Tamim. Upande huu Aloys, ambaye alikuwa ameguswa sana na mambo haya ya kifamilia, ameshaweka sigara mdomoni, anapapasa mifuko.

"Mjibu, mutama," akaniambia kwa upole. "Mama anangoja."

Mkono mmoja wa Kaltum ulikuwa bado kwenye kiti cha Hamoud. Wa pili aliushika mlango wa gari.

Aloys akapata kiberiti.